Marekani: vyuo vinahama ligi, mzazi wa mchezaji haulizwi

Nchini Marekani, wakubwa wa vyuo vikuu wanazidi kuhamisha timu zao za kandanda ya Kimarekani toka kundi moja la ligi hadi lingine. Wanasema ni kwa faida ya wachezaji. Si kweli. Wanafuata pesa za televisheni, na vijana ndio wanaolipa.

Tuangalie Nebraska, chuo kilichokuwa bingwa wa nchi mwaka wa 1994, 1995 na 1997. Katika kundi la Big 12 kilikuwa pamoja na vyuo vinne vya Texas, jimbo lenye wachezaji wengi. Kocha wake akiingia katika nyumba ya familia ya Texas alikuwa na neno la kusema: mtoto wenu atarudi kucheza huku, mtamuona kwa macho. Mwaka wa 2011 Nebraska ikahamia Big Ten, kundi lisilo na chuo hata kimoja cha Texas. Neno lile likakatika. Tangu hapo haijabeba ubingwa wa kundi hilo hata mara moja.

Wengine watajibu kwamba Texas A&M nayo ilihama mwaka wa 2012, ikaingia SEC, na ikafaulu kupata vijana wazuri. Ni kweli. Lakini chuo hicho kiko Texas kwenyewe, wachezaji wako mlangoni pake. Nebraska ni jimbo la watu wachache, inalazimika kutafuta mbali.

Ubaya zaidi ni kwa wanaoachwa. Mwaka wa 2024 vyuo kumi viliondoka Pac-12, vikabaki viwili tu: Oregon State na Washington State. Hata kabla ya siku yenyewe, kocha Jonathan Smith alishaondoka Oregon State kwenda Michigan State, na Cam Ward alishatoka Washington State kwenda Miami. Vyuo hivyo viwili vilikosa nini? Wakubwa wakiamua kuhama, wadogo ndio wanabaki na mzigo. Hilo familia zilizohamishwa hazihitaji kufundishwa.

Inafaa chuo kinachotaka kuhama kiwaambie kwanza vijana na wazazi wao, mbele ya televisheni. Na familia za Wakongomani zinazoishi Marekani, siku kocha akibisha hodi, zisiulize masomo na jezi tu. Ziulize pia: mwaka ujao, timu yenu itachezea wapi?