Injekta Zipimwe Kabla ya Mshahara Kukatwa



Ukipita Nyakabiga jioni, baada ya saa za kazi, utaona magari yamefunguliwa mbele ya nyumba, na watu watatu au wanne wameinama juu ya injini. Mengi ni Toyota za miaka ya 1990. Wenyewe si matajiri. Mchana wako kiwandani, na jioni wanabeba abiria ili wapate pesa ya mchele na ya shule ya watoto. Gari la namna hii likilala, nyumba nzima inalala na njaa. Ndiyo maana leo nataka kusema juu ya kifaa kidogo kisichozidi urefu wa kidole, ambacho kimewapotezea wafanyakazi pesa nyingi. Kifaa hicho ni injekta.

Nianze na kosa letu wenyewe. Tulikuwa wafanyakazi sita, tukachangiana mwezi hata mwezi, tukanunua Corolla moja iliyozeeka. Baada ya muda ikaanza kutetemeka ikiwa imesimama, ikakosa nguvu kwenye mlima, na ikawa inakunywa esansi kuliko kawaida. Tukaipeleka garaji moja. Fundi hakupima kitu. Alisikiliza kidogo, akafuta mikono, akasema: “Injekta zote nne zimekufa.” Tukalipa. Akatutilia nyingine zilizokwisha kutumika, na zile zetu zikabaki kwake. Baada ya wiki mbili gari likarudia ugonjwa ule ule.

Ndipo tukaenda kwa mzee mmoja, fundi wa Buyenzi. Mzee hakugusa injekta. Alitoa esansi kidogo katika tangi, akaitia katika chupa nyeupe ya kioo, akaiweka kivulini, akatuambia tungoje. Baada ya nusu saa tukaona kwa macho yetu: maji yalikuwa yamekaa chini ya chupa, na juu ya maji uchafu mwekundu wa kutu. Chujio la mafuta lilikuwa limeziba. Tulikuwa tumenunua injekta nne kuponya ugonjwa wa tangi. Na zile zetu za kwanza, ambazo labda zilitaka kusafishwa tu, hatukuziona tena.

Basi, ndugu, neno langu ni moja: kipimo kwanza, malipo baadaye. Hii ni kwa gari lako mwenyewe, na ni kwa gari la kampuni pia.

Tujue kwanza kazi ya kifaa hiki. Injekta ya gari la esansi ni mlango mdogo sana unaofunguliwa na umeme. Pampu inasukuma mafuta kwa presha ya baa 3 hivi. Kompyuta ya gari inatuma umeme, mlango unafunguka kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, mafuta yanatoka kama ukungu, kisha mlango unafungwa. Ukungu ukiwa mzuri, moto ni mzuri. Ikiwa uchafu umeziba tundu, mafuta hutoka kama mkojo wa mtoto, na silinda haichomi sawasawa. Ikiwa mlango haufungi vizuri, mafuta yanavuja. Hapo gari linakataa kuwaka likiwa moto, na ukichomoa kijiti cha kupimia oili utasikia harufu ya esansi.

Lakini dalili hizo hizo za kutetemeka na kukosa nguvu huletwa pia na buji mbovu, waya uliokatika, hewa inayoingia kwenye mpira uliopasuka, pampu iliyochoka, au chujio lililoziba. Kwa hiyo anayesema “injekta” kabla ya kupima anabahatisha, na anabahatisha kwa pesa zako.

Fuata utaratibu huu. Hauhitaji mashine ya gharama.

Kwanza, pima mafuta kwa chupa, kama alivyofanya mzee. Usivute sigara karibu, wala usifyonze esansi kwa mdomo. Ikiingia mapafuni inaweza kuua.

Pili, fungua buji zote, uzipange kwa zamu ya silinda zake. Iliyo nyeusi na yenye majimaji inasema mafuta yamezidi au cheche haipo. Iliyo nyeupe kupita kiasi inasema mafuta ni haba. Rangi ya kahawia nyepesi ndiyo afya.

Tatu, washa injini, shika bisibisi ndefu, ncha yake juu ya injekta na mpini kwenye sikio. Utasikia tik-tik-tik. Isiyolia ama imekufa, ama haipati umeme. Basi usiihukumu kabla ya kupima waya wake.

Nne, zima gari, chomoa plagi ya umeme ya injekta moja, washa tena. Injini ikizidi kutetemeka, silinda ile ilikuwa ikifanya kazi. Isipobadilika kitu, umempata mvivu.

Tano, pima injekta kwa mita ya umeme. Nyingi za Toyota za miaka ile huonyesha omu kati ya 12 na 16, na za aina nyingine huonyesha omu 2 hadi 5. Jambo kubwa ni kwamba zote nne zilingane. Usiziunganishe na batri moja kwa moja na kuziacha, maana zile za omu chache zitaungua.

Sita, hamisha injekta unayoishuku, uipeleke silinda nyingine. Ugonjwa ukihama nayo, basi ndiyo yenye kosa. Ugonjwa ukibaki pale pale, mwache mtu asiuze kitu. Kabla ya kufungua bomba la mafuta, injini iwe imepoa. Ondoa fyuzi ya pampu, washa gari mpaka lizime lenyewe ili presha ishuke, kisha toa waya wa batri. Mipira midogo ya injekta iliyokauka itiwe mipya, kwa maana hapo hewa huingia na mafuta huvuja juu ya injini yenye moto.

Injekta ikithibitika kuwa chafu, isisuguliwe kwa waya wala sindano. Tundu lake limetobolewa kwa kipimo chembamba mno, na ukilikwaruza umeliharibu daima. Ipelekwe kwenye mashine ya kusafishia, ile yenye vioo vinavyoonyesha kila injekta imetoa mafuta kiasi gani. Simama hapo, uone kwa macho yako. Na chochote kikibadilishwa, dai kile cha zamani. Ni mali yako.

Sasa niende kwa wenzetu wa mazutu: madereva wa kamiyo za majani ya chai kule Teza na Rwegura, wa miwa kule Moso, na wa Hiace za zamani. Injekta ya mazutu, ambayo wengine huiita nozo, ni ya ukoo mwingine. Pampu za Bosch zilianza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1927, na kanuni yake katika injini za zamani haijabadilika sana: mafuta yenyewe kwa nguvu zake husukuma mlango ukafunguka. Nguvu hiyo ni zaidi ya baa 100, wakati tairi la gari dogo lina baa 2 hivi. Katika injini mpya inapita baa 1,000.

Hapa nasema kwa ukali, kwa sababu ni jambo la viungo vya mtu. Usiweke mkono mbele ya nozo inayopimwa, wala usipapase bomba kwa kidole kutafuta linapovuja. Tumia kipande cha karatasi ngumu. Mazutu yakitoka kwa presha ile hutoboa ngozi kama sindano. Mtu huona kidoa kidogo, hasikii uchungu mwingi, anaendelea na kazi. Baada ya saa chache mkono unavimba, na akichelewa anaweza kukatwa kidole au mkono. Huyu apelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe wazi kwamba mafuta ya presha yameingia mwilini. Ile desturi ya kulegeza nati ya bomba moja moja ili kutafuta silinda isiyofanya kazi ni ya injini za zamani tu, tena kwa fundi anayeijua, mwenye miwani na glavu. Kwenye injini mpya za presha kubwa, hapana kabisa.

Je, uchafu huu unatoka wapi? Mafuta ya Burundi husafiri mbali, mengi yakitoka bandari ya Dar es Salaam kwa barabara. Tangu uhaba ulipoanza kuumiza Bujumbura mwaka 2021, tumeona mistari ya magari ikilala mbele ya vituo. Mwaka 2024 watu wengi walivuka Gatumba kwenda Uvira na bidoni zao. Bidoni iliyobeba mawese jana ikabeba esansi leo. Mafuta ya namna hiyo yamepitia mikono mingi, na kila mkono umeacha kitu. Tena gari lenye tangi karibu tupu kila siku huvuta takataka zilizotulia chini, na pampu iliyomo ndani ya tangi hukosa mafuta ya kuipoza. Wako pia wanaochanganya mafuta ya taa. Jirani zetu walilitambua jambo hili: Tanzania ilianza kutia alama ndani ya mafuta mwaka 2010 ili mchanganyiko ujulikane, na Kenya mwaka 2018 ikaongeza tozo juu ya mafuta ya taa kwa sababu hiyo hiyo. Ikiwa serikali nzima zinahangaika na mafuta machafu, iweje kosa liwe la dereva peke yake?

Hapa ndipo penye uchungu. Mmoja wa wale sita wetu ni dereva. Kamiyo aliyokuwa akiendesha ilizimika njiani, garaji ikaandika “nozo zimeharibika”, na mshahara wake ukakatwa miezi mitatu. Hakuna aliyepima mafuta yaliyotiwa na msimamizi kwa bidoni. Hakuna aliyeuliza chujio lilibadilishwa lini. Na kamiyo ya chai ikilala, si dereva tu anayeumia. Majani yanapata joto ndani ya magunia na kuharibika, na mchumaji aliyeamka alfajiri anaambiwa mzigo wake haufai.

Wako watakaosema kwamba chama cha wafanyakazi kishughulike na mishahara, kiwaachie mafundi vyuma vyao. Nami nawajibu: mshahara wa ndugu yetu umekatwa kwa ajili ya chuma. Wengine watasema dereva mzembe naye yupo. Ni kweli, na hatumtetei. Dereva asiyemwaga maji ya chujio kila asubuhi, naye amepewa chujio lenye bomba la kumwagia, ana kosa, na aambiwe. Lakini kosa lijulikane kwa kipimo, lisijulikane kwa hasira za bwana mkubwa.

Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1949, unasema mshahara usikatwe ila kwa masharti yaliyowekwa na sheria ya nchi, mapatano ya pamoja au hukumu ya usuluhishi, na mfanyakazi ajulishwe masharti hayo. Basi tuyatie masharti yetu katika mapatano ya pamoja:

1. Kila gari la kampuni liwe na daftari: siku ya kutia mafuta, yametoka wapi, nani ameyatia, chujio limebadilishwa lini. Mali bila daftari hupotea bila habari.

2. Mafuta ya bidoni yaachwe yatulie, yachujwe, na chupa moja ya mfano iwekwe na kuandikwa tarehe.

3. Injekta au nozo isibadilishwe bila kipimo kilichoandikwa, dereva na mjumbe wa wafanyakazi wakiwepo. Ya zamani ihifadhiwe.

4. Faranga hata moja isikatwe kabla ya kipimo hicho.

5. Mafundi wapewe miwani na glavu.

Haya hayamfilisi mwajiri. Chujio ni rahisi kuliko nozo, nozo ni rahisi kuliko pampu, na pampu ni rahisi kuliko injini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nasi wa Nyakabiga tumeanza kwetu. Ile Corolla bado inatembea. Tangi lilioshwa, chujio likabadilishwa, na katika kisanduku cha mbele kuna daftari na chupa moja nyeupe ya kioo. Anayelichukua gari jioni hupima kwanza. Ndugu mfanyakazi, tafuta chupa yako leo, na kwenye mkutano ujao wa tawi simama uulize: mwenzetu aliyekatwa mshahara, kipimo chake kiko wapi?