Gundi ya plaiwudi isiwe siri ya kiwanda

UREA anayoweka mkulima kwenye mahindi ina kazi nyingine ambayo wengi hawaijui. Viwandani huchanganywa na formaldehaidi ikawa gundi ya majimaji. Gundi hiyo hupakwa kwenye tabaka nyembamba za mti, kisha tabaka hizo hubanwa kwa mashine yenye joto hadi gundi ikauke na kuwa ngumu. Hapo ndipo hupatikana plaiwudi.

Gundi ya urea ni ya bei nafuu, lakini haivumilii maji. Ubao wake unafaa kabati la sebuleni. Ukiwekwa bafuni au ukitumiwa kumwagia zege, huvimba na tabaka zikaachana. Kazi hizo zinahitaji gundi ya fenoli, ambayo ni ghali zaidi.

Kwa mnunuzi wa kawaida mbao hizo mbili hufanana. Zisipoandikwa aina ya gundi, hasara humwangukia mwenye duka, na fundi anayedaiwa na mteja. Hata mkulima wa miti wa Mafinga hasalimiki, kwani plaiwudi ikipoteza sifa sokoni, bei ya magogo yake nayo huyumba.

Ni vyema kila kiwanda kikaandika aina ya gundi juu ya ubao. Kwa sasa, mfanyabiashara akate kipande kidogo akichemshe kwa saa kadhaa. Kilichogandishwa kwa gundi ya urea pekee kitaachana. Sufuria moja ya maji ni nafuu kuliko kumrudishia mteja fedha zake.