Mtoto Aonekane Njiani



Mwezi huu nataka kuwaeleza jambo lililotokea karibu na chuo changu hapa Mwanza, na lawama yake najitwika mwenyewe kabla ya kumtwika mtu mwingine.

Wanafunzi wangu wengi hukaa mlimani, katika nyumba zilizojengwa kati ya mawe makubwa. Husoma baada ya Magharibi, wakarudi makwao baada ya Isha. Huku kwetu jua huzama karibu na saa moja ya usiku, na giza halikawii. Nusu saa tu, ni usiku kamili. Miaka iliyopita niliamuru wavulana wavae kanzu nyeupe, na wasichana magauni na mitandio myeusi, kwa kuwa rangi hiyo haionyeshi uchafu upesi. Nikajiona nimefanya busara.

Usiku mmoja wa mvua za vuli, ndugu wawili, mvulana na dada yake, walikuwa wakivuka barabara. Kijana wa bodaboda alimwona mvulana, akapunguza mwendo na kumkwepa. Na upande aliokwepea ndiko alikokuwa binti. Usukani ulimgusa, akaanguka, juzuu yake ikaingia topeni. Alhamdulillahi, alichubuka goti tu. Yule kijana alinijia akitetemeka, akasema, "Shikamoo Maalim. Wallahi niliiona kanzu. Mtoto wa pili sikumwona kabisa." Sikuwa na jibu, kwani vazi lile nililichagua mimi.

Sheria ya nchi yaruhusu gari kwenda kilometa 50 kwa saa penye makazi ya watu. Mwendo huo ni karibu mita 14 kwa kila sekunde. Basi dereva akimwona mtoto hatua chache tu mbele yake, breki itamsaidia nini? Nguo nyeupe huonekana mbali kuliko nyeusi. Na utepe wa kuakisi mwanga, kama ule wa vizibao vya bodaboda, huonekana mbali zaidi, maana huirudisha nuru ya taa kule kule ilikotoka. Katika nchi ya Ufini, sheria yawataka waendao kwa miguu gizani kutumia viakisi hivyo.

Sasa wasichana wetu huvaa mitandio myeupe, na fundi cherehani ameshona utepe huo katika mifuko ya juzuu. Stara haikupungua hata chembe. Wakubwa huwashika wadogo mikono. Washukao mlimani husimama kwenye jiwe la mwisho kabla ya barabara, kwani mteremko humsukuma mtoto akatokeza ghafula. Hawavuki mbele ya daladala iliyosimama. Pasipo na njia ya miguu, hufuata upande wa kulia, wakiyakabili magari yajayo.

Lakini mzigo huu si wa mtoto peke yake. Dar es Salaam, shirika la Amend limejenga njia za miguu, matuta na vivuko karibu na shule, na mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya WRI Ross. Nasi tumefundishwa na Mtume s.a.w. kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani ni tawi la imani.

Basi, mzazi mwenzangu, usiku wa leo simama kando ya barabara, umtazame mwanao akija. Ikiwa wewe umpendaye humwoni, dereva asiyemjua atamwonaje?