NYAMA SI NGUZO YA SITA YA UISLAMU



Kila sifa njema anastahiki Allah, aliyetulisha na kutunywesha bila ya nguvu wala ujanja wetu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba wake wote. Ama baad.

Ndugu yangu Muislamu, leo nasema nawe kuhusu sufuria la nyumbani kwako. Usipite haraka ukadhani hizi ni habari za wanawake na jiko. Waulize wanaosuluhisha ndoa mtaani kwako, watakwambia ni ugomvi mangapi umeanzia kwenye bakuli la maharage. Mume anarudi jioni, anafunua kawa, anakuta kunde. Anafyonya. "Hiki nacho ni chakula?" Anavaa viatu anakwenda kula mishikaki barazani kwa watu, peke yake, na watoto wamesikia kila neno.

Na asubuhi aliacha shilingi ngapi? Elfu tano, kwa watu saba. Humo mna mkaa, unga, mafuta, vitunguu na sabuni ya kufulia. Jioni anataka nyama! Mwanamke afanye nini? Wako wanaokwenda kukopa buchani kwa siri, jina likaandikwa kwenye daftari. Mwisho wa mwezi mwenye bucha anakuja kudai mlangoni, na hapo ndipo mume anapojua kuwa heshima aliyokuwa akiila ilikuwa ya mkopo.

Nitasema wazi nisije nikasingiziwa. Nyama ni halali. Nyama ni neema. Mtume wetu (s.a.w.) alikula nyama na alipenda mkono wa kondoo. Asiyekula kwa kudhani anajikurubisha kwa Allah kwa kujiharamishia alichohalalisha, huyo naye amepotea njia. Ninachokipinga ni hiki: kuifanya nyama kuwa sharti la mlo, kipimo cha uanaume, na fimbo ya kumpigia mke. Hilo halina asili katika dini yetu, na anayelipamba kwa jina la dini anaisingizia dini.

SASA TUTAZAME NYUMBA YA MTUME (s.a.w.)

Mama yetu Aisha (r.a.) alimsimulia mpwa wake Urwa kwamba ulikuwa ukiandama mwezi, kisha mwingine, kisha mwingine, na katika nyumba za Mtume (s.a.w.) haujawashwa moto wa kupikia. Urwa akashangaa, akauliza mlikuwa mkiishi kwa nini? Akamjibu: kwa tende na maji, isipokuwa majirani wa Kianswari waliokuwa wakiwaletea maziwa. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim. Wewe siku mbili bila nyama unatangaza kuwa umeoa mwanamke asiyejua kupika!

Siku nyingine Mtume (s.a.w.) aliingia nyumbani na swahaba wake Jabir (r.a.). Ukaletwa mkate. Akauliza kama kuna kitoweo. Akaambiwa hakuna ila siki. Je, alinuna? Alimuaibisha mwenye nyumba mbele ya mgeni? Aliiagiza ile siki, akaila, na akaisifu kuwa ni kitoweo kizuri. Ndugu yangu, siki! Mkeo amekuwekea maharage ya nazi na mchicha, wewe umekunja uso.

Na Abu Huraira (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) hakupata kukitia chakula ila. Akikitamani hukila, asipokitamani hukiacha. Basi. Sunna hii haina gharama hata ya shilingi moja, na ndiyo tunayoikimbia.

Hii ya mwisho izingatieni sana. Fundi cherehani mmoja alimwalika Mtume (s.a.w.), na Anas (r.a.) akafuatana naye. Kikaletwa mkate wa shayiri na mchuzi wenye mung'unye na nyama iliyokaushwa. Nyama ilikuwemo! Lakini Anas alimuona Mtume (s.a.w.) akiufuatilia mung'unye pembezoni mwa chombo. Anas anasema tangu siku ile hakuacha kuupenda mung'unye. Leo kijana wetu akiona mung'unye kwenye sahani anausukuma kando akitafuta mnofu.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Wapo watakaosema: "Ustadhi, kuna hadithi kwamba nyama ndiyo bwana wa vyakula vya dunia na akhera." Maneno hayo yapo katika Ibn Majah, lakini wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha isnadi yake. Na hata angekuwa bwana, bwana haingii kila siku nyumbani kwa mtumwa wake. Katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa kuwa Umar bin Khattab (r.a.) alionya kuhusu nyama, kwamba mazoea yake humshika mtu kama pombe inavyomshika mlevi. Umar alikuwa Amirul Muuminina. Hakuyasema hayo kwa kukosa pesa ya bucha.

Mwingine atasema: "Wana wa Israili walilaumiwa walipoacha manna na salwa wakataka dengu na vitunguu." Kweli, kisa kiko katika Suratul Baqara. Lakini walilaumiwa kwa kutosubiri na kwa kuidharau riziki aliyowachagulia Mola wao. Dengu haikuwa na kosa. Na hebu jipime mwenyewe: leo ni nani anayeidharau riziki iliyoko mbele yake akidai nyingine? Aya uliyoileta kama ngao imekugeukia.

Wa tatu ni mwenye kusema: "Bila nyama mtu hapati nguvu." Huyu tumjibu kwa elimu. Maharage, kunde, choroko, mbaazi na dengu zina protini nyingi. Zikiliwa pamoja na nafaka kama ugali au wali, kilichopungua kwa mmoja hukamilishwa na mwenzake. Bibi zetu hawakuwa na maabara, lakini wali wao ulikuja na maharage na ugali wao ulikuja na kunde. Ni kweli pia kwamba vitamini B12 hupatikana kwa uhakika katika vyakula vitokanavyo na wanyama, ndiyo maana sisemi uache kabisa. Dagaa, samaki, mayai na maziwa vimo katika hesabu, pamoja na hiyo nyama kidogo.

Na upande wa pili: mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliziweka nyama za kusindikwa, kama soseji, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu katika kundi la vinavyoelekea kusababisha. Wataalamu wa saratani wanashauri mtu asizidishe kiasi cha gramu 350 hadi 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa wiki nzima. Wengi wetu hatuna pesa za kufika huko. Lakini yule anayekula mishikaki kila usiku kijiweni anafika na kupitiliza, na nyumbani kwake watoto wanakunywa chai kavu.

DHULUMA YA MNOFU

Hapa ndipo moyo wangu unapouma. Katika nyumba nyingi nyama ikipatikana, minofu ni ya baba, mfupa ni wa mtoto wa kiume, na mama mjamzito anachovya mchuzi uliobaki. Ndugu yangu, huyo mjamzito ndiye mwenye kuhitaji madini ya chuma kuliko wote humo ndani. Damu yake inajenga mwili wa mwanao. Wewe unameza vipande vitano, yeye anaambiwa kliniki kuwa damu imepungua, kisha unauliza kwa nini anachoka choka.

Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa chakula cha wawili kinawatosha watatu. Alimuusia Abu Dharr (r.a.) kwamba akipika mchuzi aongeze maji, awakumbuke majirani. Tazama mafundisho haya: sufuria lilitakiwa lipanuliwe hadi limfikie jirani. Wewe umelifupisha hadi haliwafiki hata wanao.

BASI TUPIKEJE?

Tusikemee tu bila kuonyesha njia. Wanaochukia maharage wengi wao wanachukia maharage yaliyopikwa ovyo: magumu, maji yanaelea juu, chumvi peke yake. Chakula hicho hakikinaishi kwa kukosa nyama. Kinakinaisha kwa kukosa mkono. Shikeni mambo haya matano.

1. Loweka usiku. Maharage, kunde kavu, mbaazi na dengu, vilaze kwenye maji, asubuhi mwaga yale maji. Yataiva upesi na mkaa utapungua. Chemsha mpaka yalainike kabisa ndipo utie nyanya, ndimu au ukwaju. Ukivitia mapema, ule uchachu unayafanya yagome kuiva.

2. Kitunguu kikaangwe kwa subira. Usikiache kikiwa cheupe. Kigeuke rangi, kinukie, kisha thomu, tangawizi, bizari nyembamba na manjano. Ile harufu inayomwita mtu kutoka barazani hutoka hapa, na watu wanadhani inatoka kwenye nyama.

3. Tui kwa mpangilio. Tui jepesi lipikie, tui zito litie mwisho, moto uwe mdogo na ukoroge lisikatike. Mbaazi za nazi kwa mahamri, kisamvu kilichotwangwa kikapikwa kwa nazi au karanga, matembele, mchicha: watu wa pwani hii wamekula hivi miaka na miaka, na hakuna aliyewaambia kuwa hawajala.

4. Nyama iwe kiungo, isiwe mlima. Robo kilo yenye mfupa, katakata vipande vidogo, ichemshe taratibu mpaka mfupa utoe ladha yake. Kisha supu hiyo pikia mbaazi, bamia, viazi au ndizi. Kila kijiko kitakuwa na ladha ya nyama, na watu saba watashiba. Pilau nayo ni hivyo hivyo: punguza nyama, ongeza viazi, usipunguze viungo.

5. Pembeni pawe na kibichi. Kachumbari, embe bichi, kipande cha ndimu au chungwa. Vitamini C iliyomo inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga. Na chai isinywewe pamoja na mlo, kwa kuwa inazuia hayo hayo madini. Ngoja kama saa moja.

Panga wiki yako. Siku mbili za jamii ya kunde kwa nazi. Siku moja dagaa waliokaangwa na ugali na matembele. Siku moja samaki akipatikana. Siku moja mihogo au magimbi ya nazi kama tunavyofuturu. Siku moja dengu kwa chapati. Ijumaa, siku yetu tukufu, robo kilo yako iingie kwenye pilau, nyumba nzima ifurahi. Nyama inayosubiriwa ni tamu kuliko nyama iliyozoeleka.

NENO KWA WAUME

Ewe mume, Allah amekuamrisha umhudumie mkeo kwa kadiri ya wasaa wako. Aliyejaaliwa wasaa atoe kwa wasaa wake, na aliyebanwa atoe katika alichopewa. Sijaandika haya ili mwenye uwezo apate kisingizio cha ubahili. Ukiwa nacho, walishe vizuri, na ukikumbuka jirani umpelekee. Lakini ukiwa huna, usidai kwa mkeo kile ambacho mfuko wako umeshindwa kukileta. Leo ukirudi nyumbani ukakuta kunde, sema bismillahi, kula, sema alhamdulillahi, kisha mwambie aliyepika: Allah akuzidishie. Watoto wanasikia. Wanajifunza hapo jinsi ya kuishi na wake zao kesho.

NENO KWA AKINA MAMA

Dada yangu, mama yangu, usiyaonee haya maharage yako mbele ya mgeni. Mgeni anayekuja kwako kwa ajili ya Allah hatazami kitoweo, anatazama uso. Usikope kumlisha mtu atakayekusengenya njiani. Pika ulichonacho kwa ufundi, safi, kwa bismillahi. Na likija suala la kugawa, anza na mjamzito na watoto. Hiyo ndiyo adabu, hata kama hukulelewa hivyo.

Tunaingia misimu ya harusi na khitma, na familia zitauza cherehani na simu ili watu wapate nyama ya kuilalamikia kuwa ilikuwa kidogo. Mwenye kusikia na asikie: deni la aliyekufa linamfuata kaburini, na wale waliokula nyama hawatasimama kumlipia.

Ewe Allah, tubarikie katika ulichoturuzuku, utukinaishe kwa halali yako tusiitamani haramu, uzilainishe nyoyo za waume kwa wake zao, na uwashibishe watoto wetu wote. Amin.

Ukiona ndani yake kuna kheri, mfikishie mwenzako, hasa yule mwenye kufyonya akifunua kawa.

Wallahu a'lam.