Wageni wa filamu wale vya Uluguru

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaoandaa maonyesho ya filamu hapa Morogoro. Chakula kisiachwe hadi dakika ya mwisho, kwa maana penye chakula ndipo mwongozaji hukutana na mwigizaji, na mpiga picha chipukizi humpata wa kumpa kazi.

Tamasha la filamu la ZIFF, Zanzibar, limebahatika: ukitoka kwenye maonyesho Ngome Kongwe uko Forodhani, penye urojo na mishikaki, na mazungumzo yanaendelea. Sisi hatuna Forodhani, lakini tuna milima ya Uluguru. Ndizi na viungo vinashuka kutoka Kinole na Matombo, mboga na matunda kutoka Mgeta, na vingi vinapatikana Soko la Chifu Kingalu. Kwa nini basi tuwape wageni biskuti za dukani na soda tu?

Wapewe mama lishe kazi ya kuandaa chakula, tena walipwe malipo ya awali, wasikope mtaji. Viandaliwe vya kuliwa kwa mkono mmoja: sambusa, vitumbua, kachori, kashata. Sambusa za nyama zitengwe na za mboga, zikiwa na vibao. Chai ya mdalasini iwepo, jioni zetu za Juni na Julai zina baridi. Maji ya kunawa yasisahaulike.

Vyakula vitolewe kabla ya filamu na baada yake, si katikati. Mchakacho wa mifuko ya bisi gizani unaharibu sauti ambayo mtu ameihangaikia miezi mingi. Na wageni waachiwe saa nzima ya kuzungumza kabla viti havijakusanywa.

Mpenzi wa filamu,
Morogoro