SEHEMU YA 4: Maksi na magonjwa ya mtoto si ya kuanikwa kwenye grupu la darasa

Mama zangu wa Kilosa na Mikumi, na nyie kina baba mnaosoma kimyakimya, leo nagusa panapouma: grupu la WhatsApp la darasa.

Naomba nieleweke. Sipingi grupu. Mkondoa umefurika watoto wasivuke, kikao cha wazazi kimesogezwa, hayo tumeni humo. Ninachopinga ni kuligeuza kuwa darasa la pili, mtoto anapangiwa namba na kuanikwa mbele ya watu themanini ambao hata hatujuani.

Mnayajua yanayotumwa. Picha ya karatasi ya matokeo yenye majina yote, wa kwanza mpaka wa mwisho. "Mzazi wa fulani, amejikojolea tena, njoo." "Fulani ana vipele, kagueni watoto wenu." Mwalimu ameandika kwa nia njema. Lakini dakika tano tu, mtu ameshapiga skrinshoti, imefika saluni, na kesho mtoto anaitwa kwa jina la ugonjwa wake.

Mimi nikimtangaza mgonjwa hivyo, naitwa kujieleza. Siri ya mtoto haigeuki habari ya mtaa eti kwa sababu katoka wodini kaingia darasani. Mwenye selimundu, mwenye kifafa, anayemeza dawa kila siku, akishachekwa anaanza kukataa shule, au anaacha dawa ili asionekane. Hapo aibu imeshakuwa ugonjwa, na sisi ndio tunaompokea.

Na si maoni yangu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za watoto na za afya kuwa nyeti. NECTA wenyewe, Januari 2023, waliacha kutangaza wanafunzi bora na shule bora kitaifa. Matokeo ya kidato cha nne wanayaweka mtandaoni kwa namba ya mtahiniwa, bila jina. Sasa grupu la darasa la tatu linashindanisha nani?

La pili, kazi ya nyumbani inayotumwa kwa picha saa mbili usiku. Mama wa Mikumi mjini mwenye simu janja na bando ataiona. Mama wa Ulaya, ile Ulaya yetu ya njiani, mwenye kitochi anachochajisha kwa jirani, ataionea wapi? Asubuhi anayesimamishwa mbele ni mtoto, kwa kosa la mama kukosa bando. Elimu bila malipo ipo tangu 2016. Tusiirudishe ada kwa jina la MB.

Mtaniambia, "Nesi, dunia imeenda kidijitali, unaturudisha nyuma." Hapana. Hospitali nazo zina kompyuta, lakini faili la mgonjwa halifunguliwi kwa kila anayepita koridoni.

Wengine watasema mwalimu ana watoto tisini, hawezi kumpigia kila mzazi. Ni kweli amezidiwa. Basi asiwapigie wote. Ampigie yule mmoja ambaye mtoto wake anaumwa.

Kikao kijacho, mama, simama useme haya matatu:

1. Grupu liwe la matangazo tu, waandike mwalimu na viongozi wa wazazi. WhatsApp ina sehemu ya kuweka hivyo.

2. Afya ya mtoto na maksi zake anaambiwa mzazi wake peke yake, kwa simu au ana kwa ana.

3. Kazi ya nyumbani iandikwe ubaoni, mtoto anakili kwenye daftari. Daftari halihitaji bando.

Na leo hii, ukiona mtoto wa mwenzio ameanikwa, usicheke wala usisambaze. Mwandikie mwalimu pembeni, kwa heshima, afute. Leo ni wa jirani, kesho ni wako.

Sehemu ya 5: simu na usingizi wa mtoto.