Kapita wa Kazi ya Sanaa Apewe Kontra ya Wazi

Mu nyumba zetu, neno kapita halina lazima ya kufafanuliwa. Baba zetu walitumika chini ya kapita, na wengine walikuwa makapita wao wenyewe. Kapita njo alihesabu watu asubuhi, njo alijua chombo gani kimevunjika, njo aliulizwa wa kwanza kama mtu hakupanda tena juu. Kapita akiwa mzuri, watu walirudi nyumbani. Kapita akiwa mbaya, bamama walilia. Leo tunataka kusema juu ya kapita wa namna nyingine, yule wa kazi ya sanaa. Wengine watacheka na kuuliza: sanaa na shimo la shaba vinakutana wapi? Tunawaomba wasome mpaka mwisho.

Tangu 2008 mji wetu wa Lubumbashi uko na Biennale yake, iliyoanzishwa na kikundi cha Picha. Wasanii wa hapa na wa Bulaya wanakuja kuonyesha kazi zao. Na kazi nyingi zinasema juu yetu: shemine ya Gécamines, mlima wa terili, shaba, kampi, wazee waliotumika. Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi, alichukua picha za zamani za watumishi wa Union Minière akazitia juu ya picha za viwanda vilivyoharibika, na kazi ile ilifika mbali sana. Basi tusiseme kwamba sanaa haituhusu. Sisi njo udongo wake.

Siku hizi kuko sanaa ya kuingia ndani. Haina tena picha ya kutundika ku ukuta ili mtu aitazame na mikono nyuma. Ni fasi nzima: giza, taa, sauti toka kila upande, picha zinatembea ku kuta na chini ya miguu, pengine joto na upepo. Mtu anakuwa ndani yake sawa samaki mu maji. Mchimbaji hatashangaa sana. Alishuka mu shimo miaka na miaka, taa ku kichwa, mlio wa mashine mu masikio. Hakuna mtu anayeweza kumfundisha giza ni kitu gani.

Lakini kazi ya vile msanii hawezi kuifanya peke yake. Yeye anawaza. Nani atalomba ruhusa ku mairie? Nani atatafuta wachomeleaji, maseremala, watu wa umeme? Nani atatosha mashine ku duane, nani atahesabu makuta, nani atapanga walinzi wa usiku, nani atasema «simama» kama waya umechunika? Njo pale wanatafuta mtu ambaye kwa Kifaransa wanamwita chef de projet. Sisi tutamwita kapita. Mara nyingi haina mtumishi wa kudumu. Ni mtu wa kujitegemea, anachukuliwa kwa kazi moja, miezi michache, kisha anakwenda zake. Na njo hapa tunataka kusimama, juu ya namna anavyochukuliwa mtu huyu njo namna kazi yote itakavyokwenda.

Tutoe mfano mmoja wa kweli. Mu Uingereza, mu jimbo la Durham, kuko mji mdogo unaoitwa Chester-le-Street. Watu wa upande ule ni kama sisi: babu zao walichimba makaa ya mawe. Tarehe 23 Julai 2006, mu bustani ya mji, walisimamisha kazi kubwa ya sanaa iliyoitwa Dreamspace. Ilikuwa sawa nyumba ya plastiki yenye rangi nyingi, iliyojazwa upepo, na watu waliingia ndani kutembea na kulala chini na watoto wao, wakisikiliza muziki. Upepo wa inje ukaja. Kamba hazikuweza kuishika. Kazi yote ikapanda juu na watu wakiwa ndani, ikaanguka. Wamama wawili wakafa na wengine wakaumia. Kesi ikafika ku tribinali. Msanii mwenyewe akapatikana na hatia mu sheria ya usalama ya kazi, na wakubwa wa mji nao wakalipishwa faini.

Wasomaji wapenzi, tukisoma habari ile, sisi watu wa mgodi tunauliza swali moja tu: nani alihesabu kamba? Mu shimo tunajua kwamba kazi ambayo kila mtu anazani mwenzake ameiangalia, hakuna aliyeiangalia. Kazi ya sanaa ya kuingia ndani inatia watoto na wazee mu giza, katikati ya nyaya za umeme na vyuma vizito. Lazima kuwe mtu mmoja, jina lake limeandikwa, mwenye nguvu ya kufunga mlango hata kama gavana amekwisha kufika na watu wa televizyo wanangojea. Mtu asiyepewa nguvu ile haina kapita. Ni mubeba mikanda.

Sasa, achaguliwe namna gani? Tumezoea kuona kazi inapewa mtoto wa ndugu wa mkubwa, ao mtu aliyefika na ndege akiwa na makaratasi mazuri na hajui hata kuuliza njia ya Kenya ku Katuba. Hatusemi kwamba mgeni ni mbaya. Kuko wageni wenye ujuzi mwingi, na ujuzi tunautaka. Tunasema: tangazo litoke wazi, mu Kifaransa na mu Kiswahili, libandikwe fasi watu wanapita. Aulizwe ni kazi gani amekwisha kuimaliza, na waliotumika naye waulizwe kama aliwalipa. Aonyeshe namna atakavyogawanya makuta na siku. Na aweze kukaa na mama mjane mu lupango lake, kusikiliza na kujibu bila mtu wa kutafsiri katikati.

Akiisha kuchaguliwa, apewe kontra. Hapa tunasema na watu wanaolipa, na tunasema pia na kijana atakayepata kazi ile, pengine ni mtoto wetu. Sheria ya kazi ya 2002 inalinda mtumishi mwenye bwana. Mtu wa kujitegemea hana bwana, kinachomlinda ni karatasi yake. Akigonjwa, hakuna hospitali ya kompani. Kazi ikikawia kwa kosa la wengine, miezi inapita na kwake nyumbani watoto wanalala njaa. Wengi wetu tunajua hali hii. Tunajua kutumika kama jurnalie, siku kwa siku, chini ya kompani ndogo iliyo chini ya kompani kubwa. Na hakuna aliyesahau 2003 na 2004, wakati zaidi ya watumishi 10 000 wa Gécamines walitoka kwa njia iliyoitwa «départ volontaire». Walitia saini, wakapokea makuta mara moja, na mpaka leo wengi wanadai kwamba hesabu haikuwa sawa. Karatasi isiyosomwa vizuri inaweza kula maisha ya mtu mzima.

Kwa hiyo kontra ya kapita iseme mambo kwa maneno mepesi. Iseme kazi inaanza wapi na inaishia wapi, juu ya kazi isiyo na mwisho njo inavunja watu. Iseme malipo yanakuja mara ngapi: kiasi fulani mbele, kiasi fulani vitu vikisimama, kiasi kingine watu wakianza kuingia, na kipande cha mwisho kila deni likiisha kulipwa. Iseme nani analipa kama mwenye makuta anabadilisha mawazo katikati ya njia. Iseme asuransi iko kwa nani.

Mtu anaweza kuuliza: mambo ya kapita na malipo yake yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Kapita asiyelipwa hamlipi mchomeleaji. Mchomeleaji hamlipi kijana wake. Mama aliyepikia watu bukari kwa deni mwezi mzima njo anabaki wa mwisho ku mstari, na daftari yake mu mkono. Siku ya sherehe divai inamwagika na hotuba zinasomwa, kisha asubuhi wakubwa wamekwenda na simu hazipokelewi tena. Mu kazi nyingi tumeona vile, haina mu sanaa tu. Dawa yake ni kontra inayosema kwamba kipande cha mwisho cha makuta hakitatoka mpaka wadogo wote wametia saini kwamba wamepokea.

Kuko jambo lingine, na kwetu njo kubwa kuliko yote. Kazi za vile zinakula kumbukumbu za watu. Wanakuja na mashine ya kunasa sauti. Baba mzee anaeleza alivyopoteza vidole, mama anaeleza mwaka mshahara ulipokatika. Sauti ile inaingizwa mu giza na taa nzuri, inakwenda Bulaya, inashangiliwa. Na mzee? Alipewa chupa ya Simba.

Tukumbuke Tshibumba Kanda Matulu. Mu miaka ya 1970, hapa Lubumbashi, mchoraji yule alichora historia ya inchi yetu picha kwa picha, karibu mia moja, na akaieleza kwa Kiswahili chetu hiki. Leo picha nyingi kati ya zile ziko Amsterdam. Zimehifadhiwa vizuri, hatukatai. Lakini mtoto wa Kamalondo anayetaka kuziona kwa macho anaomba viza.

Kati ya mambo aliyochora kuko mgomo wa 1941. Tarehe 9 Desemba mwaka ule, watumishi wa Union Minière walikusanyika ku kiwanja cha mpira mu Elisabethville kulomba mshahara uongezwe, na askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyekuwa akisema kwa niaba yao, alikufa pale. Hesabu ya wafu haijakuwa moja mpaka leo. Sasa tuseme msanii anataka kufanya kazi ya kuingia ndani juu ya siku ile: giza, kelele za watu, kisha mlio wa bunduki. Ni haki yake kuwaza vile. Lakini mu familia zetu kuko wajukuu wa watu wale, na kuko watoto ambao wamesikia bunduki za kweli mu maisha yao mafupi. Nani atawauliza kwanza? Nani atatia onyo ku mlango? Nani atasimama ndani na taa ili amtoshe mtu anayetetemeka? Kontra isipomtaja mtu wa kufanya hivyo, hakuna atakayefanya. Msanii atasema alidhani ni kapita, na kapita atasema hakulipwa juu ya ile.

Kwa hiyo tunalomba sauti zibaki na wenyewe. Kila mtu anayetoa habari yake asomewe karatasi mu lugha yake, ajue itakwenda wapi, apewe malipo yake, na aweze kusema hapana hata kisha. Na nakala ya kila kitu ibaki hapa, fasi ambapo watoto wetu wanaweza kuingia bila viza.

Tunasikia wale wanaosema: maji hayako mu robine, masomo ya watoto hayajalipwa, na nyinyi mnaongea juu ya taa na sauti! Wako na haki ya kukasirika. Sheria ya migodi iliyogeuzwa mu 2018 inataka kompani itoe angalau 0,3% ya mapato yake ya mauzo kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mgodi. Makuta yale ni ya visima, ya vituo vya afya, ya barabara. Yasiguswe kwa mlango wa nyuma ili kompani ipate picha nzuri ya kutia mu kalendari yake. Kama wakaaji wenyewe, mu mkutano wa wazi, wanasema wanataka fasi ya ukumbusho, ni shauri lao. Lakini kama makuta ya sanaa yanatoka kwingine, mu ubalozi ao mu mifuko ya Bulaya, tukiyakataa hayatageuka maji. Afazali yapite mu mikono ya wachomeleaji wetu na bamama wetu, na yapite kwa hesabu.

Basi siku kijana fulani atapita mu lupango lenu na kusema yeye njo kapita wa kazi kubwa ya sanaa, msimfukuze, na msimpe habari zenu bure pia. Mpeni kiti. Mpeni maji. Kisha mumwulize mambo manne: Kontra yako iko wapi? Nani anashika usalama? Wadogo watalipwa lini? Sauti yetu itabaki wapi? Akijibu yote manne na karatasi mu mkono, mtumike naye. Akianza kutazama saa yake, mumalizieni maji na mumsindikize ku njia.